Ile sifuri haikutoka kwenye takwimu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyoichapisha hivi karibuni, ambayo mwandishi wake alishauri kwamba suala la nani atozwe kodi na kwa kiwango gani liondolewe mikononi mwa wanasiasa na wahubiri, likabidhiwe wachumi wenye modeli zao, yaani mifano ya kihisabati ya jinsi uchumi unavyokwenda, kwa sababu hesabu haina chama wala kinyongo. Ameandika kwa ufasaha, na mengi aliyoyasema kuhusu hasara ya kupanga kodi kwa kubahatisha nayakubali. Lakini hoja yake kuu, kwamba kiwango bora cha kodi hupatikana kwa kukokotoa na kwamba maadili huingia baadaye tu, pale fedha zinapotumiwa, siyo kweli, na napenda kueleza sababu kwa kutumia hesabu hizo hizo.

Nimefundisha hisabati kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwa hiyo sina ugomvi na hesabu. Mwanafunzi aliponiletea jibu, hata likiwa sahihi, nilimwuliza kwanza namba alizoanza nazo amezitoa wapi: zipi amepewa katika swali, zipi amezipima, na zipi amezichagua mwenyewe ili swali litatulike. Hizo za mwisho hazikatazwi, ila ziandikwe juu ya karatasi, mahali pa kuonekana. Katika modeli za kodi, namba zilizochaguliwa ndizo zilizobeba suala zima la haki, na mara nyingi ndizo zinazoachwa nyuma jibu linapopelekwa kwa umma.

Tuchukue kanuni inayotajwa sana na wachumi wa kodi. Mwaka 2011 Peter Diamond, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amepata Tuzo ya Nobel ya uchumi, na mwenzake Emmanuel Saez walichapisha makala iliyouliza ni kiwango gani kinachofaa kutozwa kwenye sehemu ya juu kabisa ya mapato ya matajiri wa Marekani. Kanuni waliyoitumia ni fupi kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari anaweza kuikokotoa, na inahitaji namba tatu tu. Ya kwanza inaeleza jinsi mapato yalivyotawanyika huko juu, yaani kama matajiri wanapishana kidogo au wanaachana mbali. Wao waliiweka 1.5. Ya pili inaeleza jinsi kipato kinachotangazwa kinavyonywea kodi inapopanda, iwe ni kwa sababu mwenye nacho anapunguza kazi au kwa sababu anakihamishia mahali kisipoonekana, waliiweka 0.25. Ya tatu inaeleza jamii inaithamini kwa kiasi gani dola moja ya ziada ikibaki mfukoni mwa tajiri, ikilinganishwa na dola hiyo hiyo ikiwa mikononi mwa serikali. Hiyo waliiweka sifuri.

Ukokotoaji ni huu. Toa namba ya tatu kwenye 1. Kilichobaki ukigawe kwa jumla ya hicho kilichobaki pamoja na zao la namba mbili za kwanza, yaani unachopata ukizizidisha. Kwa namba zao unagawanya 1 kwa 1.375, na unapata takriban asilimia 73. Walikadiria kwamba wakati huo, kodi zote zikijumlishwa, kiwango cha juu kilichokuwa kikitozwa kweli kilikuwa asilimia 42.5, kwa hiyo pengo lilikuwa kubwa na ile 73 ilisafiri mbali.

Sasa tukae na kanuni hiyo dakika mbili zaidi. Tuseme msomaji mmoja anaamini kwamba matajiri hukwepa na kulegea kuliko ilivyokadiriwa, hivyo anaiongeza namba ya pili mara mbili, iwe 0.5. Anagawanya 1 kwa 1.75 na anapata asilimia 57. Msomaji wa pili hana tatizo na 0.25, ila dhamiri yake haimruhusu kuihesabu fedha ya mtu yeyote kuwa si kitu, hata awe tajiri kiasi gani. Basi namba ya tatu anaiweka nusu. Anagawanya 0.5 kwa 0.875 na yeye pia anapata asilimia 57, ile ile, mpaka kwenye desimali. Mmoja amefika hapo kwa dai kuhusu tabia za watu, dai ambalo linaweza kupimwa, ingawa kwa taabu. Mwingine amefika kwa dai kuhusu thamani ya watu, ambalo hakuna takwimu itakayolipima. Wakisimama wote wawili mbele yako wakitetea asilimia 57, huwezi kujua nani ametoka wapi. Na akitokea wa tatu akaiweka namba hiyo 1, kwa kuamini kwamba dola ni dola popote ilipo, kodi yote inayeyuka na kuwa sifuri, namba nyingine zikiwa vile vile zilivyokuwa.

Niwatendee haki waandishi hao: hawakuficha kitu. Waliandika wazi kwamba wameiweka sifuri na wakaeleza sababu, kwamba dola ya ziada haimwongezei kitu cha maana mtu ambaye tayari ana mamilioni. Pengine hata mimi ningeiweka karibu na sifuri. Ninachokipinga ni kile kinachotokea njiani, pale ambapo 73 inapanda gari kwenda mjini na ile sifuri inaachwa kituoni, kisha anakuja mtu na kutuambia kwamba sayansi imesema.

Historia ya fani hiyo inatupa sababu nyingine ya kwenda polepole. Modeli za aina hii zina chimbuko moja, nalo ni kazi ya James Mirrlees, mchumi kutoka Uskoti, iliyochapishwa mwaka 1971 na kuchangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Katika makala hiyo Mirrlees alikiri kwamba alitarajia uchambuzi makini ungetetea viwango vikubwa vya kodi, na haukufanya hivyo. Mpango uliotoka ulikuwa na viwango vya chini kuliko alivyodhani, na ulikaribia kuwa mstari ulionyooka kwa wote. Naheshimu sana uungwana wa kukiri hivyo. Lakini mwaka 1998 Diamond, na mwaka 2001 Saez, walirudi kwenye msingi ule ule, wakaweka umbo tofauti la jinsi uwezo wa kuchuma unavyotawanyika huko juu, na viwango vikapanda sana. Katikati ya miaka ya 1970 wengine walikuwa wamethibitisha, bila kasoro ya kihisabati, kwamba ikiwa yupo mtu mmoja anayechuma kuliko wote, basi senti yake ya mwisho isitozwe kodi hata kidogo. (Sijapata kumsikia mwanasiasa aliyelipeleka hilo jukwaani, hata yule anayegharimiwa na matajiri.) Uthibitisho huo ni sahihi. Tatizo ni kwamba sharti lake la kwanza linaielezea dunia yenye kilele kinachojulikana, na sisi hatujui kama tunaishi humo.

Mfano unaonichekesha na kunifikirisha zaidi ni ule wa kodi ya urefu wa mwili. Takwimu zinaonyesha kwamba watu warefu, kwa wastani, huchuma kuliko wafupi, na hakuna anayeweza kujifupisha ili akwepe kodi. Kwa modeli ambayo lengo lake pekee ni kuikuza jumla ya ustawi wa watu, kimo basi ni kitu kizuri mno cha kutoza. Mwaka 2010 wachumi Gregory Mankiw na Matthew Weinzierl waliichukua hoja hiyo mpaka mwisho na kukokotoa kwamba mtu mrefu mwenye kipato cha dola 50,000 angepaswa kulipa takriban dola 4,500 zaidi ya mtu mfupi mwenye kipato hicho hicho. Hawakuwa wanapendekeza kodi hiyo. Walitaka kutubana kwenye kona: ama uikubali kodi ya kimo, ama ukiri kwamba modeli unayoitegemea imekosa kitu. Karibu kila mtu anaikataa papo hapo, na ukimwuliza kwa nini, atakuambia si haki mtu kudaiwa kwa jinsi alivyoumbwa. Neno haki hapo linafanya kazi ambayo hakuna herufi katika mlinganyo inayoifanya. Wala jibu lenyewe si jepesi kama linavyosikika, maana kipaji cha kuchuma nacho kwa sehemu ni maumbile, na hicho tunakitoza kila mwezi bila kuona haya.

Mwandishi wenu alisifu pia kodi zisizovuruga soko. Sifa hiyo ina mzazi wake, mwanahisabati Frank Ramsey wa Cambridge, ambaye mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 24, alionyesha kwamba serikali inayotaka kukusanya kiasi fulani kwa uvurugaji mdogo kabisa inapaswa kutoza zaidi vitu ambavyo watu hawawezi kuviacha. Kwa lugha ya kawaida, chumvi itozwe kuliko vito, na dawa kuliko manukato. Ramsey alisema mwanzoni kabisa kwamba ameweka kando suala la mgawanyo na tofauti ya uzito wa fedha kwa mtu mmoja na mwingine. Wafalme wa Ufaransa walilijua jambo hilo bila mlinganyo wowote. Kodi ya chumvi iliwaingizia fedha kwa karne kadhaa, hadi Mapinduzi yalipoifuta mwaka 1790, na chuki iliyoizaa haikuwa na safu yake katika daftari la mapato.

Vitabu vya kiada vinakwenda hatua moja mbele na kusema kwamba kodi isiyovuruga chochote ni kodi ya kichwa, kiasi kimoja kwa kila mtu, kwa kuwa hakuna analoweza kufanya kukibadilisha. Serikali ya Margaret Thatcher ilianzisha kodi ya aina hiyo ili kugharimia serikali za mitaa, Uskoti mwaka 1989, kisha England na Wales mwaka 1990. Ukiacha nafuu waliyopewa maskini, mwenye jumba na mwenye chumba kimoja katika eneo lile lile walidaiwa sawa. Tarehe 31 Machi 1990 kulizuka ghasia kubwa katikati ya London, watu kwa mamilioni hawakulipa, na mwezi Novemba Thatcher akajiuzulu, kodi hiyo ikiwa miongoni mwa sababu. Mwaka 1993 nafasi yake ilichukuliwa na kodi inayofuata thamani ya nyumba. Nadharia ilisema mtu hawezi kukwepa kuwa mtu. Kumbe anaweza kukwepa kuandikishwa.

Kuna jambo ambalo wachumi wa zamani walilisema wazi kuliko wa leo. Mwaka 1932 Lionel Robbins, aliyekuwa profesa wa uchumi London na ambaye hakuwa na hata chembe ya chuki dhidi ya nadharia, aliandika kwamba hakuna njia ya kisayansi ya kulinganisha raha ya mtu mmoja na raha ya mwingine. Hakusema tusilinganishe. Alisema tunapolinganisha tumetoka katika uchumi na kuingia katika maadili, na tukubali kwamba tumetoka. Wahenga wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Modeli ya kodi inajifanya imelala kwenye vitanda vyote kwa usiku mmoja, na asubuhi imetoa wastani wa kunguni. Wastani huo unaweza kutusaidia, mradi tu tukumbuke kwamba kuna aliyekaa mezani akaamua kila kunguni ahesabiwe kwa uzito gani.

Swali zito kuliko yote, hata hivyo, ni lile ambalo modeli hazilijibu kwa sababu haziulizwi: fedha hizo zilikuwa za nani kabla ya kodi? Robert Nozick, mwanafalsafa wa Harvard, alisema mwaka 1974 kwamba kumtoza mtu kodi ya kipato cha kazi yake hakutofautiani na kumfanyisha kazi kwa nguvu, maana ukichukua ujira wa saa kadhaa umezichukua saa zenyewe. Wanafalsafa wenzake, Liam Murphy na Thomas Nagel, walimjibu mwaka 2002 kwa kuupindua msingi huo: hakuna kipato kilichokuwepo kabla ya kodi, kwa sababu sarafu, mahakama, mikataba, hati za mali na usalama wa kwenda kazini vyote vimesimamishwa na serikali ambayo bila kodi isingekuwepo, hivyo tarakimu ya juu katika hati ya mshahara ni hatua ya ukokotoaji tu, wala si mali iliyonyang'anywa.

Angalia sasa modeli zinakaa upande gani. Modeli ya Mirrlees na watoto wake inachukua pato lote la jamii kama chungu kimoja kinachosubiri kugawanywa, kwa kizuizi kimoja tu, kwamba wapishi wasikate tamaa wakaacha kupika. Hapo hoja ya Nozick imekwisha kukataliwa kabla ya mstari wa kwanza, na hakuna aliyeambiwa. Kwa upande mwingine, majedwali yanayotolewa kila msimu wa bajeti kuonyesha mzigo wa kodi kwa kila tabaka hupima mzigo huo kutoka kwenye kipato cha kabla ya kodi, kana kwamba hicho ndicho hali ya asili. Hapo hoja ya Nozick imekubaliwa nusu, na vilevile kwa kimya. Mtaalamu mmoja anaweza kutumia vyote viwili katika ripoti moja bila kutambua kwamba ameapa viapo viwili vinavyopingana. Mimi binafsi naona Murphy na Nagel wana haki kuhusu mali na hawana haki yote kuhusu kazi. Hati ya kiwanja imetengenezwa na sheria, lakini jasho halikutengenezwa na sheria, na mtu anayeamka kabla ya alfajiri ana dai juu ya siku yake ambalo haliishii kwenye kanuni za umiliki. Dai hilo linaweza kuzidiwa na mahitaji ya wengine. Haliwezi kuhesabiwa kuwa halipo.

Naja kwenye tabia, ambako modeli zinajisikia ziko nyumbani. Mwaka 1972 wachumi Michael Allingham na Agnar Sandmo walimchora mlipakodi kama mcheza kamari: anapima uwezekano wa kukaguliwa, anaulinganisha na ukubwa wa adhabu, kisha anaamua atangaze kiasi gani. Ukizichukua nafasi ndogo za kukaguliwa zilizopo katika nchi nyingi, picha hiyo inatabiri udanganyifu mwingi kuliko unaoonekana. Sehemu ya maelezo ni kavu na haina sifa kwa wema wetu. Utafiti uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kipato kinachoripotiwa na mwajiri au benki karibu hakifichwi kabisa, na kwamba ukwepaji umejaa pale mtu anapojiripoti mwenyewe. Lakini hiyo si picha yote. Wachunguzi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walieleza mwaka 2000 kilichotokea katika vituo vya kulelea watoto vya mji wa Haifa, Israeli, vilipoanza kuwatoza faini wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wao. Uchelewaji uliongezeka, na faini ilipoondolewa haukurudi ulikokuwa. Jambo ambalo mzazi aliliona kuwa ni kumkosea mlezi aliyebaki akimsubiri lilikuwa limegeuka huduma yenye bei, na bei ikishatajwa haisahauliki.

Kodi nayo husema kitu kwa anayetozwa. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiarabu, aliandika katika karne ya 14 kwamba dola changa hupata mapato mengi kwa kodi ndogo, na dola inayozeeka hupata machache kwa kodi kubwa. Siku hizi maneno hayo hutajwa sana kama babu wa mchoro ambao mchumi Arthur Laffer anasemekana aliuchora kwenye kitambaa cha mezani mwaka 1974, kuonyesha kwamba kodi ikipanda kupita kiasi mapato ya serikali hushuka. Lakini sababu aliyoitoa Ibn Khaldun ilikuwa na dhuluma ndani yake: watu wanaoona jasho lao linanyakuliwa ili kulisha anasa za watawala hupoteza tumaini, na aliyepoteza tumaini hajishughulishi tena. Mchoro umehifadhi umbo la jambo hilo na kuitupa sababu, kwa hiyo hauwezi kutuambia kwa nini asilimia 45 huvumiliwa mahali pamoja na asilimia 15 kuwasha moto mahali pengine.

Nisieleweke kwamba nataka modeli zitupwe. Bila modeli, maadili ya kodi hugeuka kuwa shabaha ya kipofu, kwa sababu anayeandika hundi ya kodi mara nyingi siye anayeumia. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha kodi ya anasa ya asilimia 10 kwa sehemu ya bei ya boti iliyozidi dola 100,000, na hakuna aliyewaonea huruma wanunuzi wa boti hizo. Wanunuzi wakaahirisha au wakaenda kununua kwingine, mauzo yakaanguka, na waliopoteza kazi wakawa mafundi wa kuunda boti, ingawa mdororo wa uchumi wa wakati ule nao ulichangia. Mwaka 1993 kodi hiyo ilifutwa. Mchumi mwenye penseli na karatasi angeweza kuwaonya wabunge hao mapema kwamba mzigo wa kodi humwelekea asiye na pa kukimbilia, awe ndiye aliyekusudiwa au siye. Kazi hiyo ni ya thamani, na nawaomba wachumi waendelee nayo. Lakini kusema mzigo utamwangukia nani ni jambo moja, na kusema anastahili kuubeba ni jambo jingine, na hilo la pili mwandishi wenu amelipitisha mlango wa nyuma.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo na linawezekana. Kila mtakapochapisha makadirio ya kodi, yawe ya serikali au ya taasisi yoyote, waulizeni waandaaji namba zao zipi zimepimwa na zipi zimechaguliwa, na jibu linakuwaje zilizochaguliwa zikibadilishwa kidogo. Jambo hilo halihitaji ukurasa mzima; kisanduku kimoja pembeni ya habari kinatosha. Wala siombi kitu kisichopata kufanyika. Mwongozo wa Hazina ya Uingereza wa kutathmini matumizi ya umma umeitaja hadharani namba ya aina hiyo, kipeo cha 1.3, ambacho maana yake ni kwamba pauni moja ikimfikia mtu mwenye nusu ya kipato cha mwenzake huhesabiwa kuwa na uzito wa karibu mara mbili na nusu. Mtu anaweza kubisha kwamba ni kubwa mno au ni ndogo mno, na hilo ndilo jambo jema kuhusu namba iliyoandikwa: inabishiwa na watu wote, hata wasiojua kukokotoa.

Mwandishi wa makala alitutajia kiwango anachokiona kuwa bora na akatuhakikishia kwamba kimetoka kwenye modeli. Atakapoandika tena, ningeshukuru aanze na ile namba ya tatu: aliiweka ngapi, na alipokuwa akiiweka alikuwa akimfikiria nani.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa hisabati